Mluzi wa Kunyweshea

Kambini, juu mlimani,
Kaskazini mwa Kanada.

Kwako Baba yangu, nyumbani Nkololo.

Ng'wadila, Baba. Najua ndugu yangu Jilala anakusomea hii jioni umekaa kwenye kigoda chako karibu na lango la zizi, na najua hupendi kuitikia salamu ya karatasi. Itikia tu hivyo hivyo, nitasikia. Mhola?

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo naigeuza. Ninyi naamini mko wazima, maana kungekuwa na mgonjwa Jilala angekuwa ameshanipigia kelele. Hofu iko huku kwangu, Baba. Imejaa kwenye hiki kibanda mpaka chakula hakipiti. Lakini kwanza niulize ya nyumbani, nisionekane nimekosa adabu: mguu wa mama, Mayu wetu, umepona? Pamba imetoka vizuri au wadudu wameiwahi? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa?

Jilala, soma yote. Usiruke sehemu halafu uje uniambie picha zilikata. Huku mlimani hakuna mtandao. Mwenzangu akishuka kijijini ndiye atazipiga picha hizi karatasi na kuzituma kwenye simu yako, kwa hiyo kila mstari utakufikia, na ukiruka nitajua.

Baba, mara ya mwisho tulipoongea uliniuliza swali ukanichekesha: "Mwanangu, umesoma chuo cha wanyamapori, umepanda ndege siku nzima, halafu umekwenda huko kuchunga?" Nilicheka nikakata simu, sikukujibu. Jibu ni ndiyo. Nachunga. Ila siyo ng'ombe.

Wanyama wenyewe wanaitwa karibuu, na usicheke, ndilo jina lao. Ni wakubwa kama mtamba wa ng'ombe, manyoya mazito, na pembe zimetawanyika kama matawi ya mgunga uliokauka. Hata majike wana pembe. Zamani walijaa kwenye hii milima. Halafu zikaja kampuni za magogo, misitu ikakatwa, barabara zikachongwa kila upande. Mbwa mwitu wa huku, wakubwa kuliko wale wa Serengeti, wakapata njia nyepesi ya kupita kwenye theluji wakawafikia karibuu kule walikokuwa wamejificha. Wakaanza kwisha.

Sasa sikiliza, hapa ndipo utakapoelewa kwa nini nimewapenda hawa watu. Wenyeji wa asili wa nchi hii, waliokuwepo kabla mgeni yeyote hajafika, waliacha wenyewe kumwinda karibuu. Hawakusubiri serikali iwaambie. Wazee wao walikaa, wakasema tumefunga, na wakafunga kweli. Dorina, ambaye ndiye mkubwa wetu hapa kambini na ndiye ninayelala naye kibanda kimoja, ana nywele za mvi na hajawahi kuonja nyama ya karibuu hata siku moja. Bibi yake alikuwa akimsimulia jinsi inavyopikwa. Yeye anaijua kwa masimulizi tu, na ameacha kazi mjini kuja kuwalinda.

Nikamsimulia ngitili yetu. Nikamwambia kwetu eneo linafungwa mvua ikinyesha, majani yanakua mpaka kiunoni na miti inachipua, na hakuna wa kuingiza hata mbuzi mpaka kiangazi kikaze na wazee waseme sasa fungua. Nikamwambia ukiingiza ng'ombe kwa kificho unaitwa mkutanoni mbele ya kijiji kizima. Dorina akasimamisha kikombe mdomoni. "Kumbe na ninyi," akasema, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Kazi yetu iko hivi. Baridi ikianza kupungua wanawakamata majike wenye mimba na kuwaleta huku juu, kwenye boma kubwa lililozungushiwa kitambaa cheusi kirefu kuliko mtu. Mbwa mwitu akipita nje haoni kitu ndani. Nje ya kitambaa kuna waya wa umeme. Majike wanazalia humo, ndama wanapata miguu, kisha lango linafunguliwa wanarudi porini. Chakula chao ni kitu kama ndevu kinachoota kwenye matawi ya miti, na wanakijiji wanakichuma kwa mikono na kukileta kwenye magunia. Mimi na Dorina tunalisha, tunakagua waya, na tunaangalia kisije kitu kikaingia.

Na vitu vinakuja, Baba. Asubuhi moja nilikuwa nafuata waya nikageuka kona, nikamkuta dubu amesimama kwa miguu miwili kama mtu anayechungulia kwa jirani. Weee! Nilisahau Kiswahili, nikasahau Kiingereza, nikabaki na Kisukuma peke yake. Dorina alikuja anatembea taratibu huku anatafuna ubani wake, akagonga ndoo mara moja, dubu akaondoka. Kisha akaniuliza nilikuwa namwambia nini yule dubu. Nikamwambia nilikuwa namwita Mayu. Lakini usiku ule ule nilipomsimulia habari za chatu wa kwetu alinikatiza akaniomba ninyamaze, kwa hiyo tuko sawa.

Dubu siyo anayeninyima usingizi. Ngoja nikueleze kinachoninyima.

Siku ya kwanza Dorina alinipa sheria moja akairudia: hapa hatuongei na wanyama. Usiwaite, usiwaimbie, wasiizoee sauti ya mtu. Nikasema nimeelewa, na nilidhani nimeelewa.

Palikuwa na jike mmoja ana sikio lililochanika. Wenzake walipofika walisimama pembeni siku kadhaa, halafu njaa ikawashinda wakala. Yeye hapana. Alisimama kwenye kona ya chini, kichwa chini, mbavu zinaonekana, maji hayagusi. Mimi ndiye niliyekuwa nalisha upande ule. Kila nikimtazama namwona yule ng'ombe wetu wa mwaka wa ukame, unamkumbuka, aliyefika kisimani kwenye mchanga wa mto akakataa kunywa. Unakumbuka ulichofanya? Ulichuchumaa pembeni ya hori ukapiga ule mluzi wako, mrefu, unashuka kama maji yanayomiminwa, mpaka akainamisha shingo.

Basi nikaupiga. Mdomo ulikwenda wenyewe. Nikaupiga taratibu, mara ya pili, mara ya tatu. Baba, yule jike aliinua kichwa. Akaja kwenye maji, akanywa. Kesho yake nikaupiga tena, akala.

Haki ya Mungu haikunijia hata kidogo kwamba nimevunja sheria. Dorina alisema tusiongee. Kwetu nani anasema mluzi ni kuongea? Mluzi wa kunyweshea ni kazi, kama kuchota maji au kufungua zizi. Nilijiona binti yako, binti Maduhu kweli kweli. Nikampa hadi jina, Sikio. Nikawa naupiga kila siku asubuhi, na alipozaa, ndama wake wa kike akaanza kuja nyuma ya mama yake, masikio wima. Mayu alikuwa akinigombeza kwamba msichana hapigi mluzi, nikasema moyoni laiti angeniona. Jilala, wewe hukuweza hata mara moja, meno yako yanavujisha upepo, na ndiyo maana Baba alinifundisha mimi. Hilo pia lisome kwa sauti.

Juzi juzi tu Dorina alishuka upande wangu kurekebisha waya uliolegea. Sikumwona. Nikaweka chakula, nikapiga mluzi. Sikio akatoka kwenye miti anatembea haraka, na mwanawe nyuma, wakaja mpaka karibu kabisa na mimi. Nikasikia koleo limeanguka.

"Umefanya nini?" Dorina aliniuliza.

"Nimempigia mluzi tu. Sijaongea."

Nilitegemea afoke. Angefoka ningepata nafuu. Yeye aligeuza ndoo akaikalia, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Minza," akasema, "nani mwingine anapiga mluzi kwenye hii milima?"

Nikaanza kuwataja mwenyewe. Wakata magogo wanaitana kwa mluzi. Wawindaji kutoka mbali, wasiojali kilichofungwa na wazee, wanawaita mbwa wao. Watu wa mjini wanaokuja kutembea milimani wanapiga mluzi kwa raha zao tu.

"Na yeye atakwenda kwa kila mmoja wao," Dorina akasema. "Na mtoto nyuma."

Baba, sijawahi kuogopa hivyo. Hata lile gari lilipopinduka njia ya Maswa nikiwa ndani sikuogopa hivi. Nilimtazama yule ndama, mdogo, miguu mirefu haijui iende wapi, nikaona nimemfundisha kifo chake mimi mwenyewe, kwa mluzi uliotoka kwenye mdomo wa baba yangu.

Dorina alisema dawa ni moja. Niendelee kupiga mluzi ule ule, na Sikio akija nimtishe. Nigonge sufuria, nipige kelele, nirushe mawe, mpaka ule mluzi akiusikia akimbie. Na lango likifunguliwa tutamjaribu mara ya mwisho nje. Akija kwa mluzi, haachwi. Atarudishwa bomani yeye na mwanawe, na hawatatoka tena maisha yao yote.

Nikamwambia siwezi. Nikamweleza kuhusu mnada. Wewe ukimpeleka ng'ombe mnadani Bariadi hupigi mluzi njia nzima, hata mkivuka maji, hata akiwa na kiu. Nilikuuliza siku moja nikiwa mtoto, ukaniambia ng'ombe akija kwa mluzi huo anatakiwa akute maji, asikute kisu. Dorina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba yako ni mtu mzuri. Chukua sufuria."

Mara ya kwanza nilishindwa. Nilipiga mluzi, akaja, nikabaki nimeshika sufuria na mfuniko huku nalia, na yeye ananusa mkono wangu. Dorina alitukana kwa lugha yake kule nyuma ya kitambaa. Mara ya pili niligonga. Aliruka, akasimama mbali kidogo, akanitazama kama anayedhani nimekosea bahati mbaya. Siku iliyofuata alikuja tena. Polepole, lakini alikuja! Nikarusha jiwe likampata mguuni. Akasogea hatua chache akasimama. Ndipo nikaitoa ile sauti yako ya kufukuzia fisi zizini, ile inayotoka tumboni, ambayo hata sisi watoto tukiisikia tulikuwa tunajificha chini ya kitanda. Sikio aligeuka akakimbia, akajipiga kwenye kitambaa, akaanguka, akainuka. Ndama alikuwa analia. Nilidhani nimemvunja mguu. Nilikimbilia kibandani nikafunga mlango, nikakaa sakafuni.

Tangu hapo nikipiga mluzi haji. Lakini humu ndani atakwenda wapi? Dorina anasema hatuwezi kujua kama ameogopa kweli au amechoka tu na mimi. Kesho asubuhi lango linafunguliwa. Naandika huku nasikia wanatembea kule nje, wanatafuna. Hawajui kitu. Naogopa, Baba. Naogopa asije, naogopa aje. Niombee. Hata kama barua itafika mambo yameshapita, niombee hivyo hivyo. Kalamu naiweka hapa.

*

Baba, nimerudi.

Siku kadhaa zimepita. Asubuhi ile ya lango wanakijiji wachache walipanda, wakasimama mbali, kimya, bila hata picha. Dorina alinishusha mimi peke yangu mpaka kwenye ile barabara ya zamani ya magogo, mahali ambapo njia ya wanyama inaikata. Akanionyesha gogo lililoanguka, akasema nijifiche nyuma yake. Akipita Sikio, nipige mluzi. Halafu akapanda kwenda kufungua lango, nikabaki na mbu na moyo wangu.

Nilipata muda wa kufikiri mambo mabaya. Nikasema, nani ataona? Nikibana midomo nikatoa pumzi tu, au nikaupiga ovyo ovyo kama Jilala, Sikio atapita zake na atakuwa huru. Dorina atafurahi, kijiji kitafurahi, mimi nitarudi Nkololo na jina zuri. Nilikuwa nimeshaamua, Baba, sikufichi. Kisha nikatazama hiyo barabara niliyojificha kando yake. Palikuwa na alama za matairi, mbichi. Nikaelewa kwamba asipousikia kwangu leo atausikia kwa mtu mwingine kesho, na huyo hatakuwa ameshika sufuria.

Wakaanza kupita. Wawili, halafu mmoja na ndama wake, wananusa upepo, wanaharakisha. Halafu yeye. Lile sikio lilimtangulia.

Nikapiga. Hakikutoka kitu. Midomo ilikuwa imekauka kama ganda la karanga. Nikailamba, nikafumba macho, nikajiweka kwenye mchanga wa mto wetu pembeni ya hori, wewe umechuchumaa, ng'ombe wamepanga foleni. Nikaupiga wote, mrefu, unashuka, vile vile unavyoupiga wewe. Sikuharibu hata kidogo. Sijawahi kuupiga vizuri hivyo.

Sikio akasimama.

Ndama ndiye aliyegeuka kwanza. Alikuja upande wangu, hatua, hatua nyingine, kichwa juu, kama mtoto aliyeitwa kula. Nikasema kwisha. Nikasema Mungu wangu, nimemfunga maisha. Mama yake akapiga hatua moja kunifuata, nikaona pua yake inatetemeka. Nikamaliza mluzi kwa sababu nilikuwa nimeshauanza.

Ndipo akakoroma. Alimfikia mwanawe kwa mruko mmoja, akaweka ubavu wake katikati ya mimi na yeye, akamsukuma kwa pua kwa nguvu mpaka mtoto akapiga magoti, akamsukuma tena. Wakakimbia kupanda mlima. Nilisikia mawe yanaporomoka, matawi yanavunjika, kisha sikusikia kitu.

Nilikaa kwenye matope sijui muda gani. Dorina alishuka akanikuta. Alikuwa ameona yote kwa darubini. Alikaa pembeni yangu, akatoa ubani mfukoni, akaukata, akanipa nusu. Tukatafuna.

Hofu haijaisha, usidhani imeisha. Sikio amefungwa mkanda wa redio shingoni, na kila asubuhi Dorina anawasha kile chombo tusikilize. Mlio ukiwa wa polepole, anatembea. Ukiwa wa haraka, amelala mahali pamoja muda mrefu mno, na wenzangu wakiusikia huo wanavua kofia. Nikimwona Dorina anashika kile kisanduku natoka nje. Ananiita baadaye kwa mkono. Leo ameniita, anatembea.

Msalimie Mayu, mwambie asiusumbue mguu na akae chini anapopepeta. Msalimie shangazi anayeuza dagaa sokoni, na bibi anayeniuliza kama huku kuna ugali: mwambie upo, ila ninausonga mwenyewe na Dorina anaula kwa kijiko. Msalimie mwenyekiti wa walinzi wa ngitili, mwambie asilegee, hata akija mtu wa ukoo wetu anabembeleza afunguliwe mapema. Na wewe Jilala, uliyesoma mpaka hapa, nakushukuru, wabeja.

Baba, nina ombi moja. Kesho ukiwanywesha ng'ombe kule mtoni, ukishapiga mluzi wako, urudie tena mara moja kwa ajili yangu. Mimi siwezi tena kuupiga huku. Kwenye milima hii yote kuna mnyama mmoja tu na mwanawe wanaoufahamu mluzi wa baba yangu, na kila wakiusikia wanakimbia. Nakaa hapa mlangoni namwomba Mungu waendelee kukimbia.

Ni mimi mwanao,
Minza